Mwamba Uliofagiwa

Asubuhi ya siku ya tano, Harithi alipokuwa akiirudisha droni ili ibadilishwe betri, aliona kwenye skrini mwanamke ameinama juu ya mwamba. Wala haukuwa mwamba wowote tu. Ulikuwa ule mpana, ulionyooka kama sakafu ya baraza katikati ya mteremko, ambao kwa siku nne mfululizo alikuwa akiutumia kujaribia nozeli za kunyunyizia dawa.

Aliisimamisha droni hewani, akavuta picha karibu. Juu ya mwamba kulikuwa na majani yametandazwa, na mwanamke yule alikuwa akiyageuza kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Alipoinua uso kuitazama droni, Harithi alimtambua. Alikuwa Mama Evelina, yule aliyekuwa akiwapikia chakula cha mchana.

"Mzee Castory," aliita. "Njoo uone."

Castory, msaidizi wake, alikuwa akikoroga dawa kwenye pipa. Umri wake ulitosha kumzaa Harithi, lakini kazini alimwita kapteni. Alivua glavu moja, akasogea, akakodoa macho.

"Anaanika nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

Castory alitazama tena. Halafu akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Mlenda."

Kazi yao ilikuwa kuua mpungate. Mmea huo wa miiba ulikuwa umekifunika kile kilima, nje kidogo ya Hombolo, kuanzia magenge ya juu hadi karibu na malisho. Mbuzi waliokula matunda yake walitoboka midomo, na mtu hakuweza kupanda na bomba la mgongoni kwenye ule mteremko bila kuvunjika mguu. Ndiyo maana kijiji kilikubali droni. Ilitoka chini hadi kwenye magenge kwa sekunde arobaini, ikashuka juu ya kila kichaka, ikanyunyiza, ikasonga mbele. Waliruka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kabla upepo haujaamka.

Kabla ya kila safari, Harithi alikuwa na desturi yake. Aliipeleka droni mahali palipo wazi, akafungua nozeli zote sita kwa sekunde tano, ahakikishe hakuna iliyoziba. Castory aliliita jaribio hilo "kuitemesha mate." Marubani wengine walitemesha popote, juu ya nyasi, hata juu ya njia ya watu. Harithi alitafuta mwamba mtupu, ili tone lisianguke kwenye kitu chenye uhai. Ni yeye aliyewafundisha wenzake kazini, na wenzake wakamcheka, kisha wakamfuata.

Alianza kupiga hesabu. Sekunde tano, nozeli sita, ni kama theluthi ya lita. Safari kumi kwa siku. Siku nne, na safari saba za leo. Ilifika lita kumi na tano na ushee, zote juu ya mwamba mmoja.

"Kapteni," Castory alisema. "Ule mlenda wa juzi. Na wa jana."

"Ndiyo."

"Nilikwambia una uchungu."

"Uliniambia."

"Nikasema unanuka kama ukuta uliopigwa dawa ya mbu. Ukaniambia mimi nina mdomo wa mlevi."

Harithi alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo kwa sababu hakusikia ladha yoyote. Hakuwa akisikia ladha ya kitu tangu Novemba. Baba yake, mzee Bushiri, alifariki nyumbani kwao, mtaa wa Kikuyu mjini, Jumanne moja ya mwezi huo, na simu ilimkuta Harithi droni ikiwa hewani. Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, akasema innalillahi, akamaliza safari, dakika kumi na nne, akaishusha droni mahali pake bila kutikisika. Makaburini alishika jembe kama wengine. Watu walisema kijana ana subira. Yeye alijua kwamba haikuwa subira, ila hakujua iitweje. Ilikuwa kama kutembea na koti la mtu mwingine mwilini. Alikula kwa sababu ilikuwa saa ya kula, akafanya kazi kwa sababu kulikuwa na kazi. Jana alipewa ugali na mlenda, akala hadi sahani ikabaki nyeupe, na Mama Evelina akafurahi.

Aliishusha droni, akampigia bosi wake mjini.

Mudrick alimsikiliza kwa haraka. Nyuma yake ilisikika honi ya lori. "Mdogo wangu, ni nozeli tu. Sekunde tano. Hata panzi hafi."

"Ni lita kumi na tano, bosi."

"Nani kazipima?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye uliyezipima, na wewe ndiye unayejua. Sikiliza, Harithi. Maliza kilima leo kabla hujaenda Ijumaa. Jumatatu nitakuja mwenyewe, nitaongea na mwenyekiti vizuri, kiutu uzima. Ukianza kusema leo, kesho kila mbuzi aliyekufa tangu mwaka jana atakuwa amekufa kwa dawa yetu. Na vilima vitatu vilivyobaki tusahau. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Safi."

Simu ilikatika. Harithi alingoja aone kama atakasirika. Hasira haikuja, wala hofu. Yalikuja mawazo mawili tu, moja baada ya jingine. La kwanza, kwamba Jumatatu ni mbali. La pili, kwamba jana, wakati anaosha mikono, Mama Evelina alisema mlenda uliobaki wa wiki hii atautwanga wote Ijumaa na kuumimina kwenye mtungi pamoja na ule wa miezi iliyopita. Leo ndiyo Ijumaa. Ukishamiminwa, hakuna ungo utakaoutenganisha.

Alimkabidhi Castory rimoti, akaanza kupanda.

Kwa siku tano alikuwa amekiona kilima kile kutoka juu, kila ufa na kila kichaka, na alidhani anakijua. Kwa miguu kilikuwa kitu kingine. Changarawe iliteleza chini ya viatu, na mpungate uliokwisha kunyunyiziwa ulikuwa umeanza kuinama na kupauka kama mishumaa. Katikati ya mawe, mahali ambapo mvua ya Januari ilituama, kulikuwa na majani mengi madogo ambayo kwenye skrini yalionekana kama rangi ya kijani tu. Alipumzika mara tatu. Alipofika alikuwa anahema, jasho limepenya ovaroli.

"Haya! Rubani amekuja kwa miguu!" Mama Evelina alipaza sauti kabla Harithi hajafika kwenye mwamba. "Ndege imekufa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaongeza salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi. Kaa hapo, usije ukaanguka nikaambiwa nimeua mtu wa serikali."

"Mimi si wa serikali, mama."

"Mwenye viatu hivyo ni wa serikali tu." Alicheka, akaendelea kukusanya majani makavu kwenye kikapu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini na mitano, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. "Najua mlisema tusipande ndege ikiwa inaruka. Siku zote naanika mkishamaliza, jioni naanua; leo nimeuleta wote upate jua la mwisho. Nikaiona imekwenda upande wa pili, nikasema ngoja niwahi. Mawingu yale siyaamini. Nataka nitwange kabla ya mchana. Mkwe wangu mzee hana meno, mwaka mzima anakula mlenda huu huu, na wajukuu wawili, na mimi mwenyewe."

"Mama, usitwange."

"Nisitwange?"

"Huu mlenda una dawa."

Aliyasema yote pale pale, akiwa amesimama, kama alivyozoea kutoa ripoti. Alieleza jinsi droni inavyojaribiwa, mara ngapi kwa siku, tangu Jumatatu. Alisema dawa hukauka haraka juani, haionekani. Alisema majani yakitandazwa juu yake yanaichukua. Alisema na leo asubuhi ameifungulia hapo hapo, mara saba. Alisikia sauti yake mwenyewe, imenyooka, haina mkunjo.

Mama Evelina aliacha kukusanya. "Kwenye mkutano mlisema mnapiga mpungate peke yake."

"Ndiyo."

"Mkauliza ng'ombe wanapita wapi. Mkauliza mizinga ya nyuki. Mkauliza visima. Wanaume wakawajibu kila kitu."

"Tuliuliza pia kama kuna mazao kilimani. Wakasema hakuna."

"Si mazao." Alisema kama anamweleza mtoto. "Mlenda haulimwi. Unajiotea. Nani angewaambia? Wale hawajawahi kuchuma hata jani moja, wao wanaukuta kwenye sahani." Aliugusa mwamba kwa kiganja, halafu akakiondoa, akakitazama. "Kwa nini hapa, mwanangu? Kilima chote hiki."

"Nilitafuta mahali pasipo na kitu."

"Pasipo na kitu."

"Ndiyo, mama. Ili nisiharibu."

Kutoka chini walisikia Castory akikohoa, na mbali zaidi pikipiki.

"Nilipoolewa," Mama Evelina alisema, "mama mkwe alinileta hapa na fagio mpya. Akaniambia jiwe hili ni lako sasa. Lile pale ni la jirani yangu Ruthu. Lile lenye ufa lilikuwa la marehemu shangazi yake Ruthu, sasa ni la mkaza mwana wa huyo shangazi. Kila mwanamke wa kule chini ana jiwe lake. Zamani wengine waliweza kuanika juu ya paa la udongo la tembe, lakini tembe zimekwisha, na bati linauunguza mlenda unakuwa kama majivu. Kwa hiyo tumebaki na mawe. Kila siku kabla ya kuanika nalifagia. Miaka thelathini na minne." Alimtazama. "Uliliona kwenye hiyo televisheni yako. Hukuona kwamba ni safi?"

"Niliona."

"Hakuna hata jani. Hakuna kinyesi cha pimbi. Hakuna kokoto."

"Niliona, mama. Ndiyo maana nililichagua."

"Sasa mwanangu, wewe umesoma. Ni mwamba gani unaojifagia wenyewe?"

Harithi alilitazama jiwe. Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza alikuwa amelisifia jiwe lile kwa Castory. Alisema, tazama lilivyo safi. Alikuwa ameona kazi ya mikono ya mtu, kila asubuhi, kwa picha kali kuliko macho, na hakujiuliza hata mara moja ni mikono ya nani.

"Sikufikiri," alisema.

"Hukufikiri." Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Na ule mliokula ninyi?"

"Ulitoka hapa?"

"Ule wa Jumatatu. Nilitwanga Jumanne jioni."

"Basi nasi tumekula. Castory aliusikia uchungu."

"Na wewe?"

"Mimi sikusikia kitu."

Mama Evelina alimtazama usoni kwa muda mrefu. Harithi alidhani ataulizwa jambo, akajiandaa kujibu, lakini yeye aliinuka tu, akakunguta kitenge, akabeba kikapu. "Twende chini," alisema. "Ukauone mtungi."

Mtungi ulikuwa pembeni mwa chumba cha ndani, umefunikwa kwa sahani ya bati, mkubwa kiasi cha kumfikia mtu kiunoni. Ndani yake ulikuwa unga wa kijani mkavu hadi chini kidogo ya shingo. Mama mkwe wake, bibi mzee, alikuwa amekaa kwenye ngozi karibu na mlango, akiwasikiliza bila kuwatazama. Castory, aliyekuja mbio akiwa bado na glavu moja, alisimama nje akamwamkia.

"Huu wa chini ni wa Desemba na Januari," Mama Evelina alisema. "Kabla yenu. Wa Jumatatu niliumimina Jumanne jioni, juu. Baadaye nikatikisa mtungi, ushuke, upate nafasi." Alionyesha kwa mikono jinsi alivyotikisa. "Kwa hiyo umechanganyika."

"Ndiyo."

"Wa kwenu ni kama bakuli mbili. Humu zimo zaidi ya thelathini."

Harithi alielewa swali kabla halijaulizwa. Alijua pia jibu ambalo Mudrick angetoa, na kwamba lisingekuwa uongo kabisa: bakuli mbili ndani ya thelathini, kiasi kidogo, kikigawanywa kwa miezi saba ya kiangazi. Inawezekana kusitokee chochote. Inawezekana. Kibandiko cha dawa hakikuwa na neno hilo. Kilisema kitu kilichoguswa na dawa kisiliwe na mtu wala mnyama.

"Kuna mtu anayeweza kuupima?" Mama Evelina aliuliza.

"Labda kuna maabara. Itachukua wiki nyingi. Sijui kama watakubali."

"Wewe ungekula?"

Alitaka kuchelewa kujibu, kwa heshima tu, ili isionekane rahisi. "Hapana, mama."

"Mama yako ungempa?"

"Hapana."

Bibi mzee aliuliza jambo kwa Kigogo. Mama Evelina alimjibu kwa maneno machache. Bibi aliunyosha mkono mmoja, akaushika mtungi tumboni, akauachia.

"Basi ubebe," Mama Evelina alimwambia Harithi. "Mimi siubebi."

Waliubeba yeye na Castory hadi nyuma ya zizi lililokuwa tupu, mbali na njia ya maji. Harithi alichimba. Udongo wa juu ulikuwa laini kwa mvua, wa chini mgumu kama tofali. Castory alijitolea kumpokea jembe mara mbili, akakataliwa mara mbili, mwishowe akamnyang'anya. "Huchimbi kaburi la peke yako, kapteni. Dawa nilikoroga mimi." Halafu, kwa kuwa hakuweza kukaa muda mrefu bila mzaha, alisema, "Na mimi ndiye mwenye mdomo wa mlevi. Kumbe mlevi ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo." Hakucheka mtu.

Unga ulipomiminwa, pamoja na majani ya kikapuni, vumbi la kijani lilipanda, likakaa kwenye nyusi za Harithi.

Simu iliita mfukoni. Mudrick. Iliita hadi ikakoma. Ikaja meseji: Mwenyekiti kanipigia. Umefanya nini? Kisha nyingine: Zima droni. Usiruke tena. Harithi alisoma zote mbili, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kufukia.

Wanawake walikuwa wameanza kufika. Habari kijijini haihitaji mbiu. Walisimama nje ya ua, kumi, kumi na watano, wengine na watoto mgongoni, hakuna aliyepiga kelele. Ruthu ndiye aliyetangulia kusema, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. "Na mawe yetu?"

Harithi alileta kishikwambi, akawasha picha ya kilima. Walikizunguka. Mwanzoni hawakuelewa walichokiona, kisha mmoja akaonyesha njia, mwingine mti, na mara kila mmoja akawa anatafuta jiwe lake kwa kidole.

"Hili?"

"Hili sikuligusa, mama."

"Hili la ufa?"

"Hapana. Liko mbali na vichaka vyote."

"Hili langu? Liko karibu na mpungate."

Alivuta picha. Alitazama mistari ya safari. "Hili droni ilipita upande wake wa juu siku ya Jumatano. Kulikuwa na upepo kidogo. Siwezi kusema ni salama. Usile."

Mwanamke yule aliguna, akarudi nyuma, akaondoka kwenda kuutoa mlenda wake. Mwingine akachukua nafasi yake. Ilichukua zaidi ya saa moja. Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka msikiti mdogo wa barabarani, na Harithi alikuwa bado anajibu, jiwe moja moja, hadi wa mwisho. Mawe mawili mengine hayakufaa. Hilo la Mama Evelina hata halikuulizwa.

Mganga wa zahanati alikuja kwa pikipiki, akawapima bibi, watoto wawili, Mama Evelina, Castory na Harithi. Aliandika majina ya dawa kama yalivyo kwenye kopo. Alisema haoni kitu, na kwamba kutoona kitu si sawa na kutokuwepo kitu, warudi baada ya wiki.

Jioni wanawake walikaa uani kwa Mama Evelina wakapanga. Hakuna aliyetoa hotuba. Ruthu alisema jiwe lake litapokea wa Evelina siku ya kwanza na ya nne, mwingine akasema ya pili. Mvua zilikuwa zimebaki wiki tano, sita kama Mungu akipenda. Wakihesabu mikono ya kuchuma, mtungi usingejaa. Ungefika nusu.

"Na mimi," Harithi alisema. Alikuwa amekaa juu ya pipa tupu la maji, na walikuwa wamemsahau. "Nimesimamishwa kazi. Nina mikono."

Walimgeukia. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, wakacheka.

"Mwanaume kuchuma mlenda?" Ruthu alisema. "Mwanaume wa mjini? Utaoa wapi wewe?"

"Mwache," alisema Mama Evelina. Hakuwa anatabasamu. "Atakuja saa kumi na mbili. Akichelewa nisimwone."

Hakuchelewa. Alilala kwenye gari la kazi, Castory akarudi mjini na droni kwa lori la kukodi. Alfajiri kulikuwa na ukungu mwepesi, na walikwenda upande wa mashariki, ambako mpungate haukufika na droni haikupita. Wanawake walijipanga bila kuambiwa, migongo ikainama. Harithi aliinama kati ya Mama Evelina na Ruthu. Alikuwa na shahada ya kilimo. Alijua jina la kitaalamu la mpungate, alijua dawa inaingiaje kwenye mshipa wa jani. Alichuma kwa bidii karibu nusu saa, akajaza kikapu, akakipeleka.

Mama Evelina aliingiza mkono ndani, akachota, akatazama.

"Hili nini?"

"Mlenda, mama."

"Hili majani ya mbuzi. Na hili linawasha, hata mbuzi hali." Alitupa. Akachota tena, akatupa. Kikapu kilishuka hadi nusu, kisha hadi robo. Harithi alisimama akitazama majani yakianguka juu ya majani, na ikamuuma, kitu cha kwanza kumuuma tangu Novemba.

Mama Evelina alichuma jani moja kutoka ardhini, dogo, lenye kingo kama msumeno, akalisugua kati ya vidole hadi likatoa ute, akampa mkononi.

"Shika. Ukisugua likavuta, ndilo. Lisipovuta liache. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, rudia," alisema, na kumrudishia kikapu.